Kompyuta Zilisema Masika Yataongezeka

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika maeneo mawili ya kusini mwa Somalia, Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini. Vuli ya 2010 ilikuwa imekauka, masika ya 2011 nayo yakagoma, na mifugo ilikuwa ikifa kuanzia kaskazini mashariki mwa Kenya hadi kusini mwa Ethiopia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walipoteza maisha Somalia kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Vita na kufungwa kwa njia za misaada vilichangia sana. Ukame peke yake hauui watu kwa idadi hiyo.

Lakini ukame ulikuwepo, na ulikuwepo mahali ambapo karatasi zilizoheshimiwa kuliko zote duniani zilisema mvua itaongezeka. Ripoti ya mwaka 2007 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ilieleza kwamba mvua ya Afrika Mashariki ina uwezekano mkubwa wa kuongezeka katika karne hii. Ushahidi wake ulionekana mzito: kati ya modeli 21 za kompyuta zilizotumika, 18 zilionyesha ongezeko katika eneo la mashariki ya Maziwa Makuu. Ukiwa afisa wa mipango wizarani, una ripoti hiyo mezani, na umeulizwa kama nchi iwekeze kwenye visima vya wafugaji au kwenye mitaro ya mafuriko, ungejibu nini?

Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 masika yalikuwa yakipungua, na modeli zilizokuwa zikitazama mbele zilikuwa zikisema yataongezeka. Mwaka 2015 David Rowell wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, pamoja na wenzake, waliandika makala ya kutafuta maelezo ya tofauti hiyo, na jina walilolitumia limebaki: kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Kitendawili, kwa mila zetu, kina jibu moja, na wanaolishindwa humpa mji aliyekitega ndipo alitoe. Hiki kimekaa miaka mingi na kila jibu lililotolewa limekuwa nusu.

Tuanze na mvua zenyewe. Ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua ulio karibu na ikweta, hufuata jua. Unapopanda kutoka kusini kwenda kaskazini, Machi hadi Mei, tunapata masika. Unaporudi kusini, Oktoba hadi Desemba, tunapata vuli. Mikoa ya kati na kusini mwa Tanzania ina msimu mmoja mrefu na kisa hiki hakiigusi sana. Ni kisa cha nchi ya misimu miwili: pwani ya kaskazini ya Tanzania, Kilimanjaro na Arusha, sehemu kubwa ya Kenya, kusini mwa Ethiopia, Somalia. Ukichukua eneo hilo kwa jumla, masika ndiyo mvua kubwa. Wapo wanaotegemea zaidi vuli, Wakamba kwa mfano, na wakulima wa Machakos na Kitui watakwambia masika yao ndiyo yasiyoaminika. Lakini kwa eneo zima, mzee yeyote akiulizwa mvua ya mwaka ni ipi, ataonyesha mwezi wa nne.

Sasa modeli. Modeli ya tabianchi ni programu inayoigawa anga na bahari ya dunia nzima katika visanduku, kisha kwa kila kisanduku inakokotoa joto, upepo, unyevu na mgandamizo kwa kufuata kanuni za fizikia, hatua kwa hatua, dakika kwa dakika, mpaka miaka 100 inapita ndani ya mashine. Kanuni hizo hazikubuniwa na mtu kwa kubahatisha. Ni zilezile zinazorusha ndege. Kwa joto la wastani la dunia, modeli hizi zimefanya kazi nzuri: ongezeko lililotabiriwa tangu miaka ya 1970 limekuja karibu sana na lilivyotabiriwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kisa cha masika kimetumiwa na watu wanaotaka kuukataa utabiri wote wa tabianchi, na mimi simo katika safari hiyo.

Ugumu uko kwenye kisanduku. Katika modeli zilizotumika kwa ripoti ile ya 2007, upande mmoja wa kisanduku ulikuwa kilomita 100 hadi 300. Chukua kisanduku cha kilomita 200 kwa 200. Ndani yake thamani ni moja: mwinuko mmoja, joto moja, unyevu mmoja. Kilimanjaro chenye mita 5,895 kinachanganywa na mbuga za Wamasai zinazokizunguka, na kinachobaki ni kilima kipana kisicho na kilele. Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, halijazi hata visanduku viwili. Uwazi ulio kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya, ule unaopitisha upepo mkali wa Turkana na kuubeba unyevu nje kabla haujawa mvua, unakuwa bonde la kina kifupi, na upepo wake nao unapungua au unapotea njia. Kaskazini mwa Kenya ni kukavu kwa sababu ya uwazi huo. Modeli isiyouona uwazi haijui kwa nini Lodwar, mji mkavu wa huko, ni Lodwar.

Na wingu la mvua je? Wingu la ngurumo lina upana wa kilomita chache tu. Halionekani ndani ya kisanduku cha kilomita 200, kama punje ya mtama isivyoonekana ndani ya gunia ukiwa umelishika kwa nje. Kwa hiyo waandishi wa modeli huweka kanuni mbadala: unyevu ukifika kiasi hiki na joto kiasi hiki, hesabu kwamba mvua kiasi fulani imenyesha mahali fulani humo ndani. Kanuni hizo zimepimwa na zina akili, ila zina tabia zake. Zinapenda kunyesha mara nyingi na kidogokidogo, na zinapenda kunyesha adhuhuri, jua linapokuwa kali. Bara la kwetu mvua ya ngurumo huja alasiri na jioni. Katika Ziwa Victoria dhoruba huja usiku kuelekea alfajiri, na wavuvi wa dagaa wanaozama kila mwaka wanazama katika saa hizo. Kanuni ya adhuhuri haiwezi kuwasaidia.

Hayo yote yanajulikana, na waliotengeneza modeli ndio waliokuwa wa kwanza kuyasema. Hoja iliyokuwa ikitolewa ni kwamba makosa ya kila modeli ni ya kwake. Ukizichanganya 21, makosa yatafutana na ukweli utabaki. Hapa ndipo nadhani tulipopotea. Modeli 21 si mashahidi 21. Taasisi huazimana programu, hurithishana sehemu za anga na sehemu za bahari, hutumia kanuni mbadala zinazofanana, na zote zina visanduku vikubwa. Ni mashahidi waliolelewa nyumba moja. Wakikubaliana kwamba mgeni aliingia mlango wa mbele, huenda ni kwa sababu katika nyumba yao hakuna mlango wa nyuma.

Namna ya kujua ni kuwauliza swali ambalo jibu lake unalo. Mwaka 2014 Wenchang Yang na wenzake, akiwemo Bradfield Lyon, walifanya hivyo. Hawakuziuliza modeli kuhusu mwaka 2080. Walizitaka zionyeshe mwaka wa kawaida wa Afrika Mashariki uliokwisha kupita: mvua ya Januari, Februari, Machi, mpaka Desemba. Modeli ambazo bahari na anga yake vinaendeshwa pamoja zilijibu, kwa wastani wake, kwamba vuli ni kubwa kuliko masika. Mwezi wa nne ulikuwa mkavu kupita kiasi, na mwezi wa kumi na moja ulikuwa umefurika.

Nililisoma hilo mara mbili. Mashine za mabilioni ya shilingi zilikuwa zimeyageuza majira ya mwaka. Ungemwonyesha mchoro huo mkulima wa Marangu bila kumwambia umetoka wapi, angekuuliza ni nchi gani hiyo. Na mchoro huo ulikuwapo muda wote ndani ya matokeo yaleyale yaliyotumika kusema mvua itaongezeka. Ulifichwa na jambo dogo la uandishi: ripoti nyingi hutoa mabadiliko ya mvua kwa asilimia. Ukisema "ongezeko la asilimia 10", msomaji anadhani ni asilimia 10 ya mvua anayoijua yeye. Kumbe ni asilimia 10 ya mvua ya nchi ya kwenye kompyuta, ambayo masika yake ni madogo na vuli yake ni bahari. Sehemu kubwa ya ongezeko lenyewe ilikuwa ndani ya hiyo vuli.

Chanzo cha kosa kiko baharini. Vuli yetu hutegemea sana tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huku Somalia na Kenya, na upande wa mashariki, kule Sumatra. Magharibi pakiwa pa moto kuliko kawaida na mashariki pakapoa, upepo wa juu ya ikweta huvuma kuelekea kwetu na vuli hufurika. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019. Katika modeli nyingi hali hiyo ya mwaka mmoja mmoja imegeuka kuwa hali ya kawaida. Bahari ya modeli imeinamia upande wetu miaka yote. Vuli yake lazima ifurike.

Hapa kisa kinapata mgeuko ninaoupenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwaka 2012 Lyon na David DeWitt walichukua modeli za anga peke yake, bila bahari ya kompyuta, wakazilisha joto halisi la bahari kama lilivyopimwa na meli, maboya na setilaiti. Safari hii modeli ziliyaonyesha masika yakishuka ghafla baada ya mwaka 1998, kama yalivyoshuka kweli. Kilichobadilika kilikuwa mbali, katika Pasifiki: upande wa magharibi wa bahari ile, kuelekea Indonesia, ulipata joto zaidi, huku katikati na mashariki pakipoa. Hewa ya moto ikapanda kwa nguvu kule, na hewa inayopanda mahali lazima ishuke mahali pengine. Ilishuka juu yetu. Hewa inayoshuka huyafuta mawingu.

Kwa hiyo anga ya kwenye modeli, pamoja na visanduku vyake na milima yake iliyosagwa, ilikuwa na uwezo wa kuuona ukame. Iliyokosea ni bahari iliyokuwa imeunganishwa nayo. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kusema "modeli hazifai". Fundi anayekuta gari haliwaki halitupi gari. Anakagua betri, anakagua plagi, anakagua mafuta, na kila alichokipima kikawa kizima anakiacha. Lyon na DeWitt walitenganisha vipande namna hiyo. Ndiyo kazi ya sayansi ninayoiheshimu zaidi, kuliko ile ya kutoa ramani nzuri yenye rangi ya kijani mpaka Mandera.

Swali likahamia Pasifiki: mabadiliko yale yametokana na joto la dunia, au ni mawimbi ya kawaida ya bahari yanayokuja na kurudi kwa miongo? Modeli nyingi zilitarajia mashariki ya Pasifiki ya ikweta ipate joto haraka kuliko magharibi. Katika miongo minne ya vipimo imekuwa kinyume. Wanaosema ni mawimbi ya asili wanasema bahari itageuka na masika yatarudi. Wanaosema ni mwitikio wa joto ambao modeli hazikuuona wanasema ukame utabaki. Mjadala huo haujafungwa, na sidhani kama ni uungwana kumfungia mkulima kabla haujafungwa wenyewe.

Kulikuwa na ushahidi mwingine kutoka chini ya maji. Jessica Tierney na wenzake walichunguza tope lililokusanyika sakafuni mwa Ghuba ya Aden, wakasoma ndani yake historia ya unyevu wa Pembe ya Afrika kwa miaka 2,000. Makala yao ya 2015 ilionyesha kwamba kukauka kwa eneo hilo katika karne iliyopita kumekwenda sambamba na kupanda kwa joto la dunia, na kwa kasi isiyo ya kawaida katika kipindi hicho chote. Tope lile halikuzisaidia modeli.

Basi ikaonekana kama mambo yamekwisha: modeli zimekosea, mwenendo uliopimwa ndio ukweli, tujiandae kwa ukame. Wapo waliosema hivyo kwa sauti kubwa, na sababu walikuwa nayo. Chris Funk, aliyekuwa akifanya kazi na mtandao wa tahadhari ya njaa, FEWS NET, aliandika katika jarida la Nature mwaka 2011 jinsi yeye na wenzake walivyoiona hatari mapema. Tahadhari yao ilitoka Agosti 2010, karibu mwaka mzima kabla ya baa la njaa kutangazwa. Hawakuupata ujuzi huo kwenye modeli za karne. Waliutazama ubaridi wa Pasifiki uliokuwapo wakati ule na wakakumbuka mwenendo wa masika ya miaka ya karibuni.

Kisha yakaja masika ya 2018. Mvua ilinyesha Kenya kuanzia Machi bila kupumzika, na usiku wa tarehe 9 Mei bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47. Unyevu wa msimu ule ulibebwa na pepo za kutoka magharibi, upande wa Kongo, ambazo vimbunga vya Bahari ya Hindi vilisaidia kuzivuta. Baadaye, kuanzia vuli ya 2020, misimu mitano mfululizo ilishindwa, jambo ambalo kumbukumbu za vipimo hazikuwa nalo. Masika ya 2022 yakawa miongoni mwa yaliyokauka kuliko yote katika miaka 70. Halafu 2024 masika yakafurika tena. Mai Mahiu, Kenya, ilizolewa na maji usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, na siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania, mahali ambapo vimbunga huonekana kwa nadra sana.

Mstari unaoshuka, uliochorwa kutoka 1985 hadi 2010, nao ulikuwa modeli. Tunasahau hilo. Mtu anayechukua nukta 26 za mvua na kupitisha mstari katikati yake amedai kitu kuhusu ulimwengu: kwamba kuna mwenendo mmoja, umenyooka, na utaendelea. Dai hilo lina visanduku vyake vilivyofichika kama programu yoyote. Waliozikataa kompyuta na kuukumbatia mstari walihama nyumba, hawakutoka nje.

Hata nukta zenyewe. Ukifungua takwimu za mvua za Afrika Mashariki leo, mara nyingi utakuwa unatazama mkusanyo uitwao CHIRPS, unaoanzia 1981 na kuonyesha mvua kwa kila mraba wa kilomita tano hivi. Miraba yote ina namba. Lakini vipima mvua havimo katika miraba yote. Vituo vingi vya eneo letu vilikufa au viliacha kutuma taarifa tangu miaka ya 1980, na Somalia baada ya 1991 ilikaa muda mrefu bila huduma ya hali ya hewa. Nafasi zilizo wazi hujazwa na setilaiti, na setilaiti zinazotumika hapo haziioni mvua yenyewe. Zinaona ubaridi wa vilele vya mawingu. Wingu likiwa refu sana kilele chake huwa baridi sana, na wingu refu huwa na mvua, basi ubaridi unageuzwa kuwa milimita kwa kanuni. Kanuni hiyo hufanya vizuri kwa ngurumo za bara. Kwa mvua inayotoka kwenye mawingu mafupi na yenye joto, kama ya pwani na ya miteremko ya milima, kanuni inaweza kupitiwa. Kwa maneno mengine, tuliposema "modeli hazilingani na hali halisi", upande wa hali halisi nao ulikuwa umeshikiliwa na modeli nyingine, iliyo bora zaidi kwa kazi hiyo, ila modeli. Kilichokuwa halisi kabisa ni maji yaliyoingia kwenye kipima mvua cha kituo fulani saa 3 asubuhi, yakasomwa na mtu, yakaandikwa kwenye daftari. Vituo hivyo ndivyo tunavyoviacha vife, na linaniuma kuliko kosa lolote la kompyuta.

Wazee wa pwani walikuwa na modeli yao na waliijua ilivyo. Waliuhesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jadi, kwa miongo, siku kumikumi, na kila mwongo ulikuwa na kazi yake: kufyeka, kupanda, kusafiri kwa kusi au kaskazi, kuvuta vyombo nchi kavu. Mwaka huo una siku 365, hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne. Kwa hiyo unateleza. Kila miaka minne Nairuzi inalitangulia jua kwa siku moja, na katika miaka 100 mteremko ni siku zipatazo 24. Mwongo aliopandia babu si mwongo wa kupandia mjukuu. Watu hawakuitupa hesabu kwa sababu hiyo; Makunduchi, Zanzibar, wanaoga Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka huo mpya, mpaka leo kila Julai. Hesabu iliwaambia karibu na lini watazame, na macho yakatazama upepo ulivyogeuka. Mteremko wake ulikuwa na kiasi kinachojulikana, ndiyo maana iliwezekana kuishi nao. Modeli za 2007 zilikosa kitu hicho hasa. Zilikuja na jibu bila kuja na mteremko wake.

Makala ambayo kwangu imekaribia zaidi kukifungua kitendawili ni ya Caroline Wainwright na wenzake, ya mwaka 2019. Waliacha kuuliza masika yamepungua milimita ngapi, wakauliza yameanza lini na yameisha lini. Walichokikuta ni kwamba mvua ya siku ya mvua haikupungua sana. Msimu ndio ulifupika: ulichelewa kuanza na ukawahi kuisha. Ukanda mvua ulikuwa ukipita juu yetu kwa haraka zaidi. Fikiria jinsi jumla ya msimu inavyoweza kulificha jambo hilo. Milimita 300 zilizomwagwa kwa siku 50 na milimita 300 zilizomwagwa kwa siku 80 ni namba moja kwenye jedwali. Kwa hindi la miezi minne, moja ni mavuno na nyingine ni mabua ya ng'ombe.

Tangu hapo zimejengwa modeli zenye visanduku vidogo mno. Moja ya idara ya hali ya hewa ya Uingereza imeigawa Afrika yote kwa visanduku vya kilomita 4.5, na kwa udogo huo wingu la ngurumo linaweza kukokotolewa lenyewe badala ya kuwakilishwa na kanuni. Katika modeli hiyo mvua ya bara inahama kutoka adhuhuri kwenda alasiri, dhoruba za Ziwa zinakuja usiku, na upepo wa Turkana unapita mahali pake. Gharama yake ni kubwa kiasi kwamba iliendeshwa kwa miaka 10 tu ya hali ya sasa na miaka 10 ya hali ya mwisho wa karne, badala ya karne nzima. Na joto la bahari ililishwa kutoka nje, kwa hiyo swali la Pasifiki haiwezi kulijibu. Imekuwa bora pale ambapo ile ya zamani ilikuwa mbovu, na imenyamaza pale ambapo ile ya zamani ilikuwa ikisema ovyo. Mimi naona kunyamaza huko ni maendeleo.

Ninachokitaka kutoka kwa wanaotuletea ramani za mwaka 2050 ni kidogo, na kinawezekana leo. Kabla ya kunionyesha mvua itakavyobadilika Garissa, nionyeshe mvua ya Garissa ndani ya modeli yako kwa miaka 30 iliyokwisha kupita, mwezi kwa mwezi, karibu na iliyopimwa. Kama Aprili yako ni kavu kuliko Novemba, niambie kabla sijakopa fedha za mradi. Usinipe wastani wa modeli zote bila kunitajia ni zipi zinazoyapata majira sawasawa. Na usinipe asilimia bila milimita.

Vituo vya utabiri vya eneo letu vimepiga hatua kwa upande wao. Kongamano la mwelekeo wa misimu la Pembe ya Afrika, linaloratibiwa sasa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda kilicho karibu na Nairobi, limekuwa likikutana tangu 1998 kabla ya kila msimu, na taarifa yake hutolewa kwa uwezekano wa aina tatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Huo ni uungwana, maana unakiri kwamba mwaka huu unaweza kwenda njia zaidi ya moja. Kwa vuli, utabiri huo una nguvu, kwa kuwa bahari huanza kusema mapema. Kwa masika una nguvu ndogo zaidi, na magazetini tofauti hiyo hupotea. Vichwa vya habari huandikwa kwa uhakika uleule misimu yote miwili.

Modeli ya kilomita 4.5 ilionyesha jambo lingine ambalo zile za zamani hazikuweza kulionyesha vizuri. Dunia inavyopata joto, mvua kubwa za siku moja zinazidi kuwa kubwa, na papo hapo vipindi vya jua kali katikati ya msimu wa mvua vinazidi kurefuka. Mkulima wa Same akipanda tarehe 20 Machi baada ya mvua mbili nzuri, mbegu ikaota, kisha jua likapiga siku 18 mfululizo, atapanda tena Aprili kwa mbegu ya kukopa. Tarehe 2 Mei ikinyesha milimita 120 kwa usiku mmoja na kulibeba shamba la chini pamoja na matuta yake, jumla ya msimu wake itaandikwa mwishoni mwa Mei: juu ya wastani.